Tufani ya Mwaka 1872 na Ujirani wa Watu wa Unguja

Mtu atokaye Mjini Unguja akishika njia ya kaskazini, baada ya kupita Mahonda na mashamba yake, hufika mwisho Mkokotoni, mji mdogo wa pwani unaokabili kisiwa cha Tumbatu. Katikati pana mlango mwembamba wa bahari, na mashua na ngarawa huvuka kutwa, zikichukua watu, samaki na mizigo. Ni mahali pa kale mno. Waliochimba ardhi huko wamekuta shanga nyingi na vigae vya zamani za biashara; na ng'ambo, Tumbatu, yangaliko magofu ya misikiti na nyumba za mawe, ambayo ni masalio ya mji uliotajwa na Yakut, Mwarabu mwandishi wa habari za nchi, tangu karne ya 13.

Tumeanza habari yetu Mkokotoni kwa sababu. Asimamaye hapo huwa kama yuko mpakani pa nchi tatu. Nyuma yake, upande wa kusini, ni ardhi nene ya mikarafuu na minazi, iliyokuwa mali ya wenye mashamba. Mkono wake wa kuume, upande wa mashariki, ni nchi ya mawe na vichaka, ambayo mkarafuu hauoti, wenyeji wakalima vishamba kati ya mawe na kutegemea bahari. Na mbele yake ni njia ya majini iendayo Pemba. Hizo tatu zilikuwa na watu wao, na desturi zao, na mashaka yao wao kwa wao. Ikaja siku moja ya upepo, ikazichanganya hesabu za wote, na mengine yaliyoanza siku ile hayajaisha hata sasa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, nao ulikuwa mwezi wa Mfunguo Tano, mwaka 1289 wa Hijra. Watu wa Unguja huijua kaskazi na huijua kusi, hujua na matlai na tanga mbili. Lakini kimbunga chenyewe hasa hawakukizoea. Maana visiwa hivi viko kiasi cha digrii 6 tu kusini ya mstari wa ikweta, na tufani za Bahari ya Hindi kwa desturi hupita mbali kusini, zikaelekea Bukini na Mauritius na pwani ya Msumbiji. Hata wazee hawakuwa na mfano wa jambo lile. Tena wakati wake ulikuwa mbaya kuliko nyakati zote. Mwezi wa nne ndio mwisho wa kaskazi. Majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yaliyokuja na upepo huo huwa yamejaa bandarini, yanapakia, yanangojea kusi ishike yapate kurudi kwao. Basi bandari ilikuwa imejaa vyombo, na vyombo vimejaa mali. Jioni ya siku ile sehemu kubwa yake ilikuwa mbao zilizolala ufukoni.

Walakini hatuwezi kueleza yaliyofuata ile tufani pasipo kutaja kwanza mgawanyiko uliokuwapo kabla yake. Kwa sababu upepo haukuikuta nchi yenye umoja. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, ufalme wake uligawanyika kati ya wanawe: Thuwaini akashika Maskati, Majid akashika Unguja. Ugomvi wao ukaamuliwa na Waingereza mwaka 1861, kwamba Unguja iwe mbali na Maskati, nayo iipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Lakini kabla ya hukumu hiyo kulikuwa na vita nyumbani pia. Mwaka 1859 Sayyid Barghash alitaka kumtoa ndugu yake Majid katika enzi. Wakuu wa kabila la Al-Harthi walikuwa upande wake, na baadhi ya dada zake wakamsaidia kwa siri, mmoja wao Bibi Salme, ambaye baadaye alihamia Ujerumani akaandika kitabu cha maisha yake. Barghash akajifungia na watu wake katika nyumba ya shamba lililoitwa Marseilles, kule Machui. Askari wa manowari ya Kiingereza wakaja kumsaidia Majid, na jambo likaisha kwa Barghash kujitoa na kupelekwa Bombay, akakaa huko kadiri ya miaka miwili.

Majid alipokufa, mwezi wa Oktoba 1870, Barghash ndiye aliyeketi katika kiti. Fikiri, msomaji, hali ya mji siku zile. Waliokuwa upande wa Majid walimwogopa. Wale mashehe wa Kiibadhi waliomwunga mkono kwa tumaini la kuona sheria ikishikwa kwa ukali, punde waliona hawakupata walichokitazamia. Na Dakta John Kirk, aliyekuwa kaimu wa balozi wa Kiingereza, hakupatana naye. Juu ya hayo, kipindupindu kilikuwa kimepita mwaka 1869 na 1870 kikaua maelfu ya watu, mjini na mashamba. Makaburi yalikuwa mapya bado. Ndipo upepo ukaja.

Tufani haikuuliza mtu ni wa upande gani. Marikebu za Sayyid zilivunjika au kutupwa pwani. Mojawapo iliitwa Majidi, nayo ina kisa chake. Hapo kwanza ilikuwa marikebu ya vita ya majimbo ya kusini ya Marekani, jina lake Shenandoah, katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1861 hata 1865, vilivyopiganwa kwa sababu ya utumwa. Ilizunguka dunia ikiteketeza vyombo vya watu wa kaskazini, hata baada ya vita kwisha, kwa kuwa nahodha wake hakupata habari. Ikasalimisha bendera Liverpool, ikauzwa, na Sayyid Majid akainunua. Basi chombo kilichookoka katika vita vya ndugu wa nchi nyingine kikaja kubwagwa pwani ya Unguja, katika mji wa ndugu waliopigana vilevile, na ambao utumwa ulikuwa karibu kuwaletea shida kubwa. Mambo kama haya mtu akiyatunga, watu hawatamsadiki.

Upande wa pili wa maji hali ilikuwa ile ile. Bagamoyo, mapadre Wafaransa wa Roho Mtakatifu, waliofika huko mwaka 1868, walibomolewa nyumba zao, wakaanza kujenga upya. Misheni yetu iliyokuwa Unguja tangu 1864 ilipata hasara yake. Na bara, mvua za siku zile zilijaza mito hata Simbamweni, mji wenye ukuta uliokuwa karibu na Morogoro ya leo, ukachukuliwa sehemu kubwa na mafuriko. Stanley, aliyekuwa akirudi kutoka kuonana na Livingstone, alipita hapo akauona, kisha akafika Bagamoyo na Unguja mapema mwezi wa Mei.

Lakini hasara kuu ilikuwa mashambani. Yasemwa kwamba katika kisiwa cha Unguja theluthi mbili hivi za mikarafuu na minazi zilianguka. Tafadhalini, walimu, msiipite hesabu hii kwa haraka mnapowasomea watoto. Mhindi ukiharibika, utapanda mwakani, mkarafuu sivyo. Huo hupandwa mche, ukatunzwa kivulini, ukapaliliwa, na mwenye shamba hukaa miaka sita, saba, au zaidi asione kitu cha maana. Mnazi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo upepo wa siku moja uliondoa chakula cha miaka kumi. Na wenye mashamba wengi walikuwa wamekwisha kopa kwa wafanya biashara wa Kihindi, wakiweka rehani mavuno ambayo hayajachumwa na ardhi yenyewe. Mti ulianguka, deni likasimama.

Na Pemba? Pemba haikuguswa ila kidogo. Neno hili dogo lina uzito kuliko yote tuliyosema, nasi tutalirudia.

Sasa tuseme habari za majirani. Watu wa visiwa hivi walikuwa na njia zao za kusaidiana zilizokuwapo tangu kale, kabla ya Waarabu wa Omani kuja kutawala. Katika vijiji vya wenyeji, ardhi ya kiambo, yaani mahali pa nyumba na miti yake, ilikuwa ya jamaa wa ukoo, na mgeni alipewa ruhusa ya kukaa kwa maneno ya wazee. Mambo ya mji yaliamuliwa na wazee. Katika vijiji vya Wahadimu waliitwa watu wanne. Nyumba ilipoezekwa, mwenye nyumba hakuezeka peke yake: watu walikuja, huyu na makuti, huyu na kamba, na mwenye nyumba akapika chakula. Kazi za zamu zilifanywa kikoa, leo kwako, kesho kwangu. Kufiwa kulikuwa na kanuni zake ambazo hata maadui walizishika: mtu alikwenda mazikoni, akatoa ubani, akakaa matangani. Makunduchi, kusini ya kisiwa, kila mwaka wa jadi unapoingia, hupigana kwa mashina ya migomba ili chuki za mwaka uliopita ziishe hapo kiwanjani. Kisha kibanda huchomwa moto, na siku hiyo huonwa kuwa vibaya mtu kukosa mgeni wa kula naye. Walioweka desturi hiyo waliujua moyo wa mwanadamu. Hawakusema watu wasigombane. Waliweka siku ya kugombana na siku ya kuacha.

Nchi iliyojengwa kwa udongo na makuti, ikiwa na kanuni kama hizi, huweza kuinuka upesi baada ya dhoruba. Nyumba ya makuti huanguka kwa saa moja, na hujengwa kwa siku chache ikiwa mikono ipo. Nyumba ya mawe ya mjini ikianguka huua, na kuirudisha hutaka fedha. Kwa hiyo, kwa namna moja, maskini wa shamba alikuwa na akiba ambayo tajiri wa mjini hakuwa nayo. Akiba hiyo ni jirani.

Hata hivyo haifai kuipamba habari hii kuliko ilivyokuwa. Ujirani una mpaka wake, nao ni huu: humfikia yule ahesabiwaye kuwa jirani. Katika mashamba yale ya mikarafuu, kati ya Mjini na Mkokotoni, wengi wa watu waliolala humo usiku wa tufani walikuwa watumwa. Wao ndio walioipanda ile mikarafuu, wao ndio walioichuma, na upepo ulipopita wao ndio waliotumwa kukata magogo na kusafisha ardhi. Hakuna aliyeandika orodha ya vibanda vyao. Habari za marikebu zilizopotea twazijua kwa majina. Za watu hao hatuna hata jina moja. Walisaidiana wao kwa wao, bila shaka, maana hawakuwa na mwingine. Lakini katika hesabu za hasara zilizoletwa mbele ya wakubwa walitajwa kama mali, pamoja na miti.

Na hapo ndipo msiba ulipogeuka kuwa neno la siasa. Mwezi wa Januari 1873, miezi tisa baada ya tufani, alifika Unguja Sir Bartle Frere, aliyekuwa zamani gavana wa Bombay, ametumwa na serikali ya Uingereza kumtaka Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Sayyid na wakuu wake wakakataa, na hoja yao mojawapo ilikuwa kimbunga: mashamba yameanguka, watu wamefilisika, wapaswa kupanda upya, nanyi mwataka kutuondolea mikono ya kupandia? Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Wenye mashamba walikuwa wameumia kweli. Walakini ilikuwa hoja ya kutaka msiba wa mtu mmoja ulipwe kwa msiba wa mwingine: mvulana wa Nyasa atekwe, avushwe bahari, ili shamba la Unguja liote tena. Upande wa Waingereza nao haukuwa na upole mwingi. Baadhi yao waliona kwamba miti ikiwa imeanguka, basi ndio wakati mzuri wa kumbana Sayyid, kwa kuwa hana marikebu tena wala fedha. Frere aliondoka pasipo mkataba. Baadaye ikaja amri kutoka London kwamba asipokubali, bandari yake itafungwa kwa manowari. Na tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash akatia sahihi. Siku ile ile soko la watumwa la mjini likafungwa.

Yaliyofuata hapo Mkunazini wasomaji wa kitabu hiki wanayajua, lakini kuna neno moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Padre Arthur West alinunua sehemu ya kiwanja cha soko lile; na sehemu iliyopakana nayo ilitolewa bure na Jairam Senji, mfanya biashara wa Kihindu. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mwaka mmoja na miezi minane baada ya tufani, katika mji uliokuwa bado na hasara zake, na ambao sultani wake Mwislamu alikuwa amelazimishwa na watu wa taifa lile lile lililoleta wajenzi. Mhindu akawapa Wakristo ardhi katika mji wa Waislamu. Wala hatusemi kwamba wote walifurahi.

Sayyid Barghash mwenyewe alikuwa mtu wa kuanza upya. Badala ya zile marikebu zilizopotea aliagiza nyingine, na maarufu kati yake ni Glasgow, iliyoundwa Uskochi na kufika Unguja mwaka 1878. Hiyo nayo ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vya chini ya saa moja. Alileta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, nao ni wema ambao maskini na tajiri waliunywa sawasawa. Alifariki mwaka 1888.

Tulisema Pemba haikuguswa. Kwa kuwa miti ya Unguja ilikuwa chini, bei ya karafuu ilipanda. Na mwenye miti iliyosimama alikuwa Pemba. Wenye mali wa Unguja wakaenda huko kutafuta ardhi, wakapanda, na hata mwisho wa karne ile Pemba ilikuwa imeipita Unguja mbali sana kwa karafuu, ikawa hivyo tangu hapo. Mikono ya kuzichuma ikatafutwa kwa njia za siri, ingawa mkataba ulikuwapo. Majahazi yenye watumwa yalizidi kuvizia usiku katika milango ya Pemba, na mwezi wa Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na kisiwa hicho alipokuwa akikizuia chombo kimoja. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria hata mwaka 1897.

Hivyo visiwa viwili vikapata tabia mbili. Unguja palikuwa na mji, na serikali, na bandari, na mashamba makubwa yaliyodhoofika. Pemba palikuwa na karafuu, na mashamba madogo mengi mikononi mwa watu wengi, na ushuru wa karafuu ulivuka kuja Mjini. Siwezi kusema kwamba upepo mmoja ndio uliozaa siasa yote ya miaka mia iliyofuata. Hilo lingekuwa kuwasingizia mawingu kazi za watu. Lakini mwenye kuuliza kwa nini Mpemba na Muunguja walikuja kuonana kama wenye haki mbili zinazoshindana, na asiitaje tufani ya 1872, ameanza kitabu katikati.

Miaka ya 1957 hata 1963 huitwa na wazee Zama za Siasa. Vyama vilikuwa vitatu vikubwa, Afro-Shirazi, Hizbu na Z.P.P.P., na uchaguzi ulifuatana na uchaguzi. Mambo yaliyovunjika katika miaka hiyo ndiyo yale tuliyoyataja kuwa kanuni za kale. Watu waliacha kununua katika duka la mtu wa chama kingine. Wenye mashamba waliwatoa maskwota waliokaa chini ya miti yao. Watu walisusiana mazikoni; ndoa nyingine zilivunjika kwa ajili ya kadi. Mwezi wa Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68. Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na damu yake.

Mtu angedhani somo limetosha. Vyama vingi viliporudi, katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Dakta Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura chache mno kuliko Seif Sharif Hamad wa CUF, na matokeo yakabishaniwa. Mambo yale yale yakafufuka Unguja na Pemba, kama kwamba yalikuwa yamewekwa kabatini: kususiana madukani, kususiana harusini, kutokwenda kuzika. Kijiji kimoja kikawa na misikiti miwili. Mwezi wa Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano. Mikataba ya muafaka ilitiwa sahihi mara mbili, mwaka 1999 na 2001, na haikuponya. Mwezi wa Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakaa pamoja, wao wawili. Na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, thuluthi mbili hivi wakikubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Ilikuwa chini ya serikali hiyo, ilipokuwa haijatimiza hata mwaka, ndipo bahari ya kaskazini ilipochukua watu wengi kwa usiku mmoja. Hii haikuwa tufani, bali mkono wa mwanadamu ulikuwa ndani yake. Lakini njia ni ile ile iliyoanza kujaa watu zamani za karafuu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander, iliyotoka Mjini kwenda Pemba imebeba watu na shehena kupita uwezo wake, ilizama katika mkondo wa Nungwi, kaskazini ya Mkokotoni. Watu walishika magodoro, mbao, vyombo vya nyumbani, wakaelea gizani. Wavuvi wa Nungwi walitoka na mashua na ngarawa zao, na vyombo vya mahoteli vilivyochukua wageni kuzamia baharini vikatoka pia. Hao waliookolewa wakaletwa ufukoni, wakapewa nguo kavu na chai na mahali pa kulala na watu ambao hawakuwahi kuwaona. Miili zaidi ya 200 ilipatikana. Na tume iliyochunguza ilipomaliza kazi, ilionekana kwamba waliokufa na waliopotea walipita elfu moja. Taifa zima likaomboleza siku tatu.

Wengi wa wale waliokuwa melini walikuwa Wapemba wanaorudi kwao. Kwa hesabu za uchaguzi, mtu angeweza kukisia vyama vyao kwa kutazama tikiti tu. Usiku ule, katika maji, hapana aliyekisia. Mvuvi hakuchagua kichwa cha kushika. Na msibani, Rais Ali Mohamed Shein wa CCM na Maalim Seif, Makamu wake wa Kwanza, wa CUF, walikuwa serikali moja iliyofiwa. Jambo ambalo miaka miwili nyuma lisingewezekana. Wale waliokuwa hawaendi mazikoni kwa jirani sasa walizika watu wasiowajua hata majina.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, meli nyingine, Skagit, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, na vyombo vikatoka tena kuokoa. Siasa nazo zikaendelea na safari yake. Tarehe 28 Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar yalifutwa. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Machi 2016, CUF wakaususia, na serikali ya umoja ikavunjika. Kususiana kwa majirani kukarudi Pemba, mtu asiuziwe, mtu asizikwe na wenziwe. Serikali ya umoja iliundwa tena mwezi wa Desemba 2020, na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza kwa mara nyingine, kwa muda mfupi tu, kwani alifariki mwezi wa Februari 2021 akazikwa kwao Pemba. Waliokwenda kumzika walikuwa wa vyama vyote.